Ukimya wa Mama Shimwa

Ofisi ya Kumbukumbu Zenye Utaratibu, yenye makao yake Nyamitanga, mjini Mbarara, ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba huzuni itafanyika katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale siku ya Alhamisi, kuanzia saa nne kamili hadi saa tano kasorobo. Mvua ilikuwa imeandikiwa barua isinyeshe.

Atakayekumbukwa alikuwa binti wa Kikongo aliyekulia kambini, akavuka mpaka kurudi Kivu Kusini, akawa askari, akauawa vitani akiwa na miaka ishirini na miwili. Aliitwa Shimwa. Jambo hilo halikuwamo kwenye ratiba. Mkurugenzi Kashangirwe alikuwa ameamua, baada ya vikao vitatu na soda, kwamba jina huleta maswali: alipigania upande gani, nani alimruhusu, faili lake liko wapi. Kwa hiyo ratiba ilisema "Askari Husika", na kwenye bango akachorwa msichana mwenye kofia ya jeshi asiye na uso, ili asifanane na mtu.

Mama yake alikwenda ofisini mara mbili kuomba jina lisomwe. Maiti haikurudi, kaburi hakuna. Alitaka mtu alitamke jina la mwanawe mbele ya watu, basi. Mkurugenzi alimsikiliza kwa moyo wote, kisha akamjibu kwa barua kwamba ombi lake litakumbukwa.

Alhamisi ilipofika, Mkurugenzi alikuwa na hotuba ya kurasa kumi na nane. Wakubwa wake walikuja kuisikiliza, maana kulikuwa na cheo kilichokuwa wazi. Kabla ya hotuba palikuwa na dakika moja ya ukimya. Kanuni yake aliitunga mwenyewe, akaisoma kwa madaha: ukimya utavunjwa na mama mzazi peke yake, kwa kusimama na kushukuru, mwingine yeyote atakayefungua kinywa atatolewa nje, bila kujali cheo. Sajini Orpa, aliyeletwa kutoka kambi ya jeshi ya Makenke kulinda hafla, alipiga saluti kuonyesha ameelewa.

Dakika ikaisha. Mama akabaki ameketi.

Dakika ya kumi na tano Mkurugenzi alimpungia mkono, akamkonyeza, akamwonyesha kwa vidole namna mtu anavyosimama. Mama alimtazama tu. Nyuma yake wanawake wa Kikongo na wa Kirundi walinyamaza kwa nidhamu ambayo ofisi haijawahi kuipata kwa waraka wowote. Dakika ya arobaini mkubwa mmoja alianza kuelekea kwenye gari lake, na Mkurugenzi akaona cheo kikiondoka kwa miguu.

Akashika kipaza sauti. "Mama Mzazi wa Askari Husika."

Hakuna aliyegeuka. Kambini mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake, na mtoto wa jina hilo hawakumjua. Mkurugenzi akakisogelea tena kipaza sauti.

"Mama Shimwa," akasema, na spika zikalipeleka jina hadi sokoni.

Mama akasimama, machozi yakimtiririka. "Asanti, mukubwa. Njo miye Mama Shimwa. Sasa nitabaelezea juu ya mutoto yangu."

Sajini Orpa alikwisha kufika jukwaani. "Bosi, wewe naongea," alisema kwa upole. "Amri yako nasema mutu naongea, natoka."

Akamtoa, hotuba kwapani, hadi kwenye gari. Yule mkubwa aliyekuwa akiondoka alikuwa amerudi kitini. Mkurugenzi akauliza ataruhusiwa kurudi lini.

Sajini alijifuta macho kwa mkono wa shati. "Mupaka Mama Shimwa namaliza."

Wakati huo, kwenye spika, Shimwa alikuwa anaota jino la kwanza.