Saa Isiyo na Nambari na Mjomba wa Mpima Ardhi

Ndugu Mkurugenzi wa Makumbusho,

YAH: SAA, KITABU NA KITI VILIVYOTOKA DUKANI KWENU

Natumaini barua hii inakukuta salama, umekaa, tena kwenye kiti chenye miguu minne. Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kiko ng'ambo ya barabara, chini ya ngazi za duka la vitambaa. Ukisogeza pazia la ofisi yako utaniona nimeinama, lenzi jichoni. Tumekuwa majirani miaka thelathini na moja na sijawahi kukuandikia, maana muda wote huo mliweka vitu vya kale, na vitu vya kale havinisumbui. Chungu hata kikipasuka, kila mtu anajua kilikuwa cha nini.

Matatizo yalianza mlipofungua lile duka pale ukumbini, la vyombo vya usanifu wa kisasa na vitabu vya sanaa, mkamwajiri binti yangu wa mwisho awe muuzaji. Nakiri nilifurahi. Nilijisifu kwa watu. Sasa naomba nieleze, kwa heshima zote na kwa mpangilio, jinsi duka hilo lilivyoivuruga nyumba yangu.

1. Saa. Binti alituletea saa ya ukutani kutoka kwenu, zawadi kwa wazazi wake. Ni nyeupe, ya duara, kama sahani iliyooshwa ikasahauliwa ukutani. Haina nambari. Haina hata kistari. Niliigeuza nyuma nikidhani zimewekwa huko. Nikamwuliza, "Mwanangu, nambari zake ziko kwenye mfuko mwingine?" Akanijibu kwa upole, kama anavyojibiwa mgonjwa, "Baba, msanifu aliziondoa ili saa ipumue." Ndugu Mkurugenzi, nimefungua saa nyingi kuliko milango. Ndani nimekuta mchanga, nimekuta mende, na safari moja nilikuta jino la mtoto. Pumzi sijaikuta.

2. Kitabu. Wiki iliyofuata kikaja kitabu cha picha za viti. Uzito wake ni wa mtoto wa miezi minane anayekula vizuri. Kimelazwa katikati ya meza ya sebuleni, na tangu siku hiyo tunakula tumepakata sahani. Mke wangu, ambaye ni mkunga mstaafu na haogopi kitu, alivaa miwani akaanza kukisoma, binti aliporudi akamwambia, "Mama, hicho si cha kusoma, ni cha kuweka." Mimi nilisoma shule kwa vitabu tulivyogawana watu watano watano. Sikujua kama nitaishi kuona kitabu kinachopumzishwa.

3. Kiti. Miguu mitatu, mgongo hakina, rangi ya limau. Mimi mwenyewe hukikalia nimeshika ukuta.

4. Mjomba. Hapa ndipo maji yalipozidi unga. Binti yangu ana mchumba, mpima ardhi, kijana mpole anayetembea kana kwamba anahesabu hatua. Baba yake alikwisha kufariki, hivyo neno la mwisho ni la mjomba wake, msimamizi mstaafu wa ghala, ambaye nasikia aliwahi kumfungia meneja wake nje ya geti kwa kuchelewa dakika tatu. Mjomba huyo alituma ujumbe kwamba Jumamosi, saa kumi kamili alasiri, angekuja kutujua.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo mke wangu alifanya usafi. Akaitungua saa yenu, akaifuta vumbi, akairudisha. Sasa naomba unisikilize kitaalamu. Saa yenu kwa nyuma ina ukingo wa duara unaoshika msumari popote, na kwa mbele haina nambari. Nani atajua juu ni wapi? Mke wangu akaitundika imezunguka kidogo tu, kiasi cha nafasi ya saa moja. Mimi nikaitazama, nikasoma saa tisa kasoro dakika kumi, nikajua nina zaidi ya saa nzima. Nikaingia kuoga bila haraka. Nikaimba.

Kumbe ilikuwa saa kumi kasoro tano. Nikasikia hodi. Mke wangu alikuwa jikoni, mikono imejaa unga, na binti alikuwa chumbani akisuka nywele. Nikadhani ni jirani aliyekuja kuazima ngazi, nikaenda kumfungulia nikiwa na taulo kiunoni na povu masikioni. Mjomba alikuwa amevaa suti ya vipande vitatu. Alinitazama, akatazama saa yake ya mkononi, kisha akasema taratibu, "Hapa ndipo kwa fundi saa?" Nikasema ndipo. Akasema, "Basi mimi nimefika. Wakati ndio bado uko njiani."

Tukamkaribisha yeye na mpima ardhi aliyekuja naye, mjomba akakaa kwenye kiti chenu. Kiti kikainama, mjomba akaenda nacho, na kama si kile kitabu kumpokea bega angefika sakafuni. Binti yangu akacheka. Hakutaka, lakini alicheka, kisha akakimbilia chumbani kulia, na mpima ardhi akabaki amesimama kati ya mlango na mjomba wake kama jiwe la mpaka.

Wiki mbili zimepita na mjomba hajatuma neno. Binti anakuja kazini kwenu asubuhi bila kutia kitu tumboni, na akirudi anakaa akiikodolea macho hiyo saa ambayo haimwambii lolote. Mimi baba yake simwambii lolote pia, kwa sababu sijui niseme nini.

5. Jina langu. Habari zikatoka nje, kama kawaida ya habari. Mtaani sasa naitwa Fundi Takriban. Watu wazima na akili zao wanasimama kibandani kwangu wakiniuliza, "Fundi, takriban ni saa ngapi?"

6. Kazi yangu. Baya kuliko yote, wateja wameipenda. Wanatoka dukani kwenu, wanavuka barabara, wananiletea saa nzima za babu zao nizibandue nambari. "Fundi, na yangu ipumue." Nina kopo limejaa nambari. Sita na tisa zimechanganyika humo, sitazitenganisha tena maishani mwangu.

Ukitupa macho mbele kidogo utaona tunakoelekea. Leo saa haina nambari. Kesho wataondoa na mishale. Keshokutwa kalenda itatoka bila tarehe, mizani bila kilo, na mpima ardhi atapewa utepe mweupe mtupu aende nao kwenye mpaka wa majirani wawili wasioelewana. Damu itakayomwagika pale, Ndugu Mkurugenzi, itakuwa imeanzia ukumbini kwenu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Kila saa mnayouza iandikwe neno JUU mahali palipo juu.

(b) Wewe mwenyewe, ukiwa umefunga tai, uende kwa mjomba umweleze kwamba kosa ni la usanifu, si la ukoo wetu.

(c) Hayo yakishindikana, niajiriwe kusimama dukani na kutangaza saa kwa sauti kila baada ya robo saa, hadi jengo linapofungwa.

Siandiki kwa hasira. Naandika kama jirani, na kama baba. Nisalimie wafanyakazi wote: mlinzi wa geti anayenivulia kofia, mama wa tiketi, na ile mifupa ya mnyama mkubwa iliyoko ghorofa ya chini.

Wako katika kuutunza wakati,

Fundi Saa, Chini ya Ngazi

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta gundi ya bahasha, mke wangu aliiokota barua hii akaisoma yote amesimama. Kisha akaniuliza, "Mteja akija asubuhi, mshale mfupi uko kwenye tisa, humwambia ni saa ngapi?" Nikasema, saa tatu. "Na nambari inasema?" Nikasema, tisa. Akasema, "Miaka thelathini na moja hujazifuata hizo nambari hata siku moja, leo ndiyo unazililia." Nikarudi kutafuta gundi. Kabla sijaipata, mpima ardhi akaingia na barua ya mjomba. Mjomba anasema amepokelewa na nyumba nyingi zilizojipanga kama gwaride, na kwamba nyumba isiyopata muda wa kujipanga haiwezi kuficha kitu. Amekubali. Anauliza pia kile kiti kinapatikana wapi. Ningeiandika barua upya, lakini karatasi zimeniishia. Kwa hiyo naomba uisome kama tunavyosoma saa: inaonyesha tisa, wewe elewa tatu.