Mimi Si Mla Kunde

Jumatatu, 12 Januari

Sikasso. Nimefika nimenuna. Kondakta alisoma tiketi yangu kwa sauti, Zan Coulibaly, kisha akaamuru madirisha yafunguliwe, mla kunde amepanda! Basi zima likacheka kutoka Bamako mpaka hapa. Bibi mmoja nyuma yangu alinipa pole, halafu akataka kujua kama jana nilikula sufuria moja au mbili. Utani wa koo! Eti desturi, eti akina Coulibaly wote ni wala kunde na hatukasiriki. Mimi nakasirika. Nimekasirika tangu shule ya msingi.

Na safari hii si ya mchezo. Bibi Sanogo, mkurugenzi wa redio yetu, anaanzisha kipindi cha Jumamosi kuhusu miji. Ametutuma wawili, mimi na Burama Traoré. Atakayerudi na mahali ambapo wageni hawajawahi kufika, kipindi ni chake. Mimi nasoma matangazo ya vifo na mbuzi waliopotea tangu redio ifunguliwe. Nimechoka kuwa sauti ambayo watu wakiisikia wanashika kifua.

Mpango: mji huu hakuna anayenijua. Kuanzia leo mimi ni Traoré. Coulibaly amebaki kwenye basi.

Jumanne, 13 Januari

Burama amekodi mwongozaji! Mjinga. Wamepanda kilima, wametazama mabaki ya ukuta wa wafalme, na bado wamebakiza kwenda pangoni, kama wageni wote tangu dunia iumbwe. Mimi nikashika upande wa pili, nyuma ya soko, nyuma ya machinjio, nyuma ya kila kitu. Nikapotea. Nilipompita kinyozi yuleyule kwa mara ya tatu, akaniuliza jina la ukoo. Traoré, nikasema, kifua mbele. Kumbe yeye ni Diarra, na Diarra na Traoré ni watani! Akawaita wateja waje wamwone mtumwa wake aliyetoroka. Kisha akanielekeza njia. Iliishia chooni.

Nimekimbia utani mmoja nikaangukia mwingine! Nilitembea nikitukana kuta.

Halafu ikaja harufu. Nikaifuata vichochoroni mpaka uani kwa Mama Tenin, ambaye anakaanga bajia. Nje zinavunjika, ndani laini, pilipili inakuja baadaye. Sahani ya kwanza nilikula bila kuuliza. Kwenye ya pili nikauliza ni za nini.

Za kunde.

Ya tatu nilikula kwa hasira.

Jumatano, 14 Januari

Nimerudi. Kwa uchunguzi tu. Mama Tenin alifurahi kusikia mimi ni Traoré, kwa sababu naye ni Traoré. Mdogo wangu, akaniita! Nikadhani sahani ya kwanza ni yangu. Lo! Ndugu hapewi sahani, ndugu anapewa kazi. Asubuhi nzima nimemenya maganda ya kunde zilizolowekwa. Vidole vimekunjamana.

Mara akaingia dereva wa lori, akapaza sauti mlangoni: "Coulibaly nimefika, ficheni kunde!" Bila haya! Mama Tenin, kwa kuwa Traoré na Coulibaly nao ni watani, akamporomoshea matusi, mlafi, tumbo gunia, mtumwa wangu wa bure, na huku anatukana anamjazia sahani. Akapewa kigoda changu. Akala bajia za kunde nilizomenya mimi! Kisha akaniuliza mbona Traoré nimenuna. Nilitaka kumtia kichwa kwenye karai.

Alhamisi, 15 Januari

Hakuna ubishi, mahali pangu pa redio ni hapa. Hakuna mgeni aliyewahi kupakanyaga. Tatizo ni moja. Mimi, Zan Coulibaly, nikisema kunde hewani, nitataniwa mpaka kaburini, na tangazo langu la kifo litasomwa na mtu anayecheka.

Nikapata mpango. Nikamwomba Mama Tenin aseme ni bajia za viazi. Sikasso ni mji wa viazi, nani atabisha? Nikazima kinasa sauti ili kwanza tukubaliane. Akaweka mwiko chini.

"Traoré gani wewe unayeonea haya kunde? Mama yangu alikaanga kunde hapahapa, na mama yake pia. Leo mimi niwakane kwa ajili ya redio yako?"

Niliona aibu. Kidogo tu, kwa kuwa nilikuwa bado natafuna.

Ndipo akaingia Burama! Burama ambaye hajawahi kupotea maishani mwake! Pango lilimchosha, akamwambia mwongozaji ampeleke anakokula yeye mwenyewe. Na mwongozaji ni mkwe wa Mama Tenin.

"Coulibaly!" akapiga kelele. "Nakutafuta mji mzima, kumbe ningefuata kunde tu!"

Kinasa sauti chake kilikuwa kinanasa. Mama Tenin akacheka mpaka akashika ukuta. Eti alijua tangu jana! "Mtu analamba sahani vile, awe Traoré? Nikasema ngoja, nione atamenya mpaka lini."

Nikawaapia wote kwamba mimi sili kunde. Nilipofungua mdomo zikamwagika.

Jumamosi, 17 Januari

Bamako. Kipindi kimeruka hewani. Kiapo changu pia, na sauti ya kutafuna. Simu hazikatiki, nchi nzima inacheka.

Bibi Sanogo akaniita ofisini. Alisema ua ule niliuona mimi kwanza. Ningeingia na jina langu, nikatukanwa, nikacheka, nikanasa sauti, leo kipindi kingekuwa changu. "Mlango ulikuwa wazi kwa jina lako, Zan, ukaenda kupitia dirishani." Kipindi ni cha Burama. Mimi nimerudishwa kwenye vifo. Jioni nilimsoma mbuzi mweusi kwa hasira mpaka mwenye mbuzi akapiga simu kulalamika.

Mama Tenin ametuma kifurushi kwa basi, na salamu: mtani wangu, rudi, safari hii utakaa kwenye kigoda. Nikakifungua haraka kabla sijaanza kulia.

Nimefikiri sana. Bibi Sanogo hajui lolote. Kosa langu ni moja tu, nilichagua jina baya. Mwezi ujao wanatuma mtu Kayes, na nimeomba niende. Huko nitakuwa Keita. Nimesimama mbele ya kioo, najizoeza: Keita, Keita, Keita. Bado halitamkiki vizuri. Mdomo umejaa.