Bata Waliogeuka Buluu

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Afisa wa maji wa manispaa anakuja Ijumaa kukagua karakana zote za kando ya mto. Atakayebainika anaua samaki na ndege, atafungiwa. Mimi! Fundi wa kutia vitambaa rangi kwa miaka kumi na tisa! Najua nani kanichongea. Ni jirani, mkunga mstaafu. Kutwa yuko kibarazani na daftari, anahesabu ndege kama alivyokuwa akihesabu watoto wa watu. Leo kanisema tena: eti tangu nitoboe ukuta na kuelekeza bomba langu mtoni, vyura wamenyamaza na midiria, wale ndege wavua samaki, wamehama. Nikamjibu kwamba labda wamechoka kutazamwa.

Mke wangu anasema nichimbe mashimo ya kuchuja maji ya rangi, kama walivyofanya wenye karakana ya juu. Jembe! Mwenye akili hachimbi. Mwenye akili anafikiri.

Jumanne, 4 Machi

Nimefikiri. Afisa anataka viumbe? Atawapata. Nimenunua kambare saba wazima sokoni, nikawamwaga palepale chini ya bomba. Wakapiga mikia, wakazama. Nilijiona Nabii Nuhu.

Saa kumi jioni: wote saba wanaelea, matumbo juu. Mkunga kaandika kitu. Kaandika kirefu.

Jumatano, 5 Machi

Samaki ni viumbe dhaifu. Bata ndio wenyewe! Shemeji anafuga bata weupe. Nimeazima wanane, nikamwambia wanahitaji kubadilisha hewa. Wameogelea kwa madaha, mpaka nikapiga makofi peke yangu. Bahati mbaya leo ilikuwa zamu ya mashuka ya buluu. Wametoka buluu mpaka shingoni. Nimewasugua kwa sabuni hadi mikono ikachubuka. Buluu haijatikisika. Kazi nzuri, kusema kweli.

Mama mkwe, aliye kwetu wiki hii, alinitazama mimi, akawatazama bata. Kisha akamuuliza mwanawe kama alinipenda mwenyewe au alishauriwa.

Alhamisi, 6 Machi

Afisa atatazama bomba langu? Basi maji yasitokee kwangu. Nimechomeka mpira mrefu kwenye bomba huku uani, nikaupitisha tundu la ukuta na ndani ya matete hadi ukingo wa mkunga. Amezoea kunihesabia makosa, sasa ahesabu ya kwake.

Mke wangu kaniona. Kaingia ndani, akabamiza mlango. Mlango wetu una kelele kuliko kinu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya nuksi.

Afisa ni mwanamke mfupi mwenye buti za mpira. Nilimpokea kwa bashasha. Nikamwambia, kwa masikitiko makubwa, kwamba uchafu wote unatoka kwa jirani. Ndipo mpira ukachomoka. Rangi nyekundu ya leo ikamwagika uani kwangu, ikamkuta mama mkwe kwenye kigoda anachagua mchele. Mchele mwekundu. Miguu myekundu mpaka magotini. Wakati huohuo shemeji akatokea getini kuulizia bata wake. Wakamkimbilia wenyewe kwa furaha, wanane, buluu.

Afisa akaniuliza taratibu, "Mzee, jirani yako ana bomba?"

Nikasema sina hakika.

"Hana. Nimeanzia kwake."

Karakana imefungwa mpaka nichimbe mashimo. Mkunga hakunicheka. Alileta jembe lake, akaliegemeza ukutani, akasema kazi ni nyepesi wakiwa wawili. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Ijumaa, 28 Machi

Wiki tatu za jembe. Malengelenge juu ya malengelenge. Maji yamerudi kuwa maji.

Leo asubuhi mkunga aliniita kwa mkono, kidole mdomoni. Ndani ya matete: fisi maji! Mama na wanawe wawili, wa kahawia, miguu mifupi, sharubu zinachuruzika, wanagombania samaki mmoja kama ndugu wa tumbo moja. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Mkunga alinong'ona kwamba mara ya mwisho kuwaona, kichwa chake hakikuwa na mvi. Kisha akanitazama. Nikatazama viatu vyangu.  

Jumamosi, 29 Machi

Nimefunguliwa karakana! Afisa kasema atanitaja kwa wengine kama mfano. Mfano! Jumatatu analeta wageni kuja kuwaona fisi maji wangu.

Lakini mto wenyewe aibu tupu. Matete yanaziba macho, mawe yana utelezi. Tangu alfajiri nimefyeka matete yote, hakuna hata moja lililosimama. Nimeagiza pia mapipa mawili ya sabuni, ile kali, nisugue mawe yang'ae.

Mkunga kaja mbio, kandambili moja mguuni, kauliza fisi maji watajificha wapi sasa. Mke wangu kauliza hilohilo. Wanawake wana wasiwasi! Fisi maji wakiondoka waondoke. Dobi wa mtaani ana mbwa watatu wa kahawia, miguu mifupi. Ukiwalowesha vizuri, kwa mbali, nani atajua?