Mbio za Kupita kwa Kina Dama

Alhamisi, 30 Oktoba 1997
Mto umepanda tena. Garsen nzima inazungumzia Elinino. Mimi namwaza Dama. Baba yake, Mzee Kavumbi, amechomeka kijiti ukingoni huko Idsowe, kama wafanyavyo wakulima wote wa mtoni. Maji yakikigusa, familia nzima inahamia Malindi kwa baba mdogo. Malindi! Nitakufa mimi.

Nimemshawishi rafiki yangu Abdirizak Jumamosi tufanye mbio ndefu kwenye tuta la mto. Yeye ana mashindano Desemba. Mimi nimesingizia kitambi. Tuta linapita nyuma ya nyumba ya kina Dama.

Jumamosi, 1 Novemba
Manyunyu. Abdirizak anakimbia huku akipiga hadithi. Mimi nahema tu. Dama alikuwa jikoni anakoka moto. Abdirizak akasalimu, akauliza hali ya shamba, akapewa ndizi mbivu mbili. Mbili! Mimi mwenye moyo nikapita kimya kama barua ya mtu mwingine.

Wakati wa kurudi nikajidai nina kichomi, nikabaki nyuma. Maji yalikuwa yamebakiza shubiri moja kufikia kijiti. Nikatazama kushoto, kulia. Nikaking'oa, nikakichomeka hatua sita juu, pakavu kabisa. Mzee ataona maji yamerudi nyuma. Dama haendi popote! Akili ni mali.

Jioni wasiwasi umeniingia. Je, maji yakiwakuta wamelala? Kesho nakwenda kuwaangalia.

Jumapili, 2 Novemba
Nimemburuta Abdirizak tena. Alilalamika njia nzima kwamba baada ya mbio ndefu watu hupumzika. Kufika, kina Dama wanapakia masufuria na kuku kwenye mtumbwi! Mzee akasema, Gona mwanangu, shika godoro hilo, maji yamegusa kijiti alfajiri. Haiwezekani!

Dama akanivuta kando. Akasema aliniona jana, akakirudisha kijiti mahali pake kabla baba hajatoka shambani. Nikaomba radhi. Akasema baba hajui, ila yeye anashangaa mtu atoke Garsen mbio, apite mlangoni kwao mara mbili, aishie kushughulika na kijiti. Akauliza kama nina neno, maana lori la Malindi linaondoka kesho saa nne. Akasubiri. Macho yale, Mungu wangu!

Nikamwambia mazoezi yanaendelea vizuri.

Jumanne, 4 Novemba
Lori liliondoka jana. Nilikuwepo, nimejibanza nyuma ya duka la mahindi asinione. Alikuwa akigeuka geuka, anatafuta mtu. Sijui nani. Tangu hapo chakula hakipiti. Namtamani hata kumsikia akikohoa.

Abdirizak anasema ningefungua mdomo tu. Huyu anajua mbio, mapenzi hajui. Nimeshapanga. Malindi si mbali kwa mtu aliyejiandaa. Nimeuliza, na barabara inapita mbele kabisa ya nyumba ya huyo baba mdogo.

Safari hii nitapita mara tatu.