Hatua Elfu Sitini za Bosi wa Mikate

Watu wengine huenda kliniki kwa sababu ya maradhi. Mtelezo alikwenda kwa sababu ya kiti. Kliniki ya kupunguza uzito ilikuwa na viti vya mito, feni mbili na maji baridi ya bure, na yeye, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusimama penye nafasi ya kukaa, alihudhuria kwa bidii kuliko wagonjwa.

Siku moja mlango wa daktari ulibaki wazi kidogo, na masikio ya Mtelezo, viungo pekee vya mwili wake vyenye kazi ya kudumu, yakaingia kazini.

"Nakuandikia sindano ya kila wiki," daktari alikuwa akisema. "Tunaanza na dozi ndogo, tutapandisha taratibu. Lakini dawa ni nusu ya safari, baba. Nusu nyingine ni sahani yako na miguu yako. Kidude hiki utakifunga kwenye kifundo cha mguu, kinahesabu hatua. Baada ya mwezi nesi atazisoma kwenye kompyuta, na wewe utapanda mizani."

"Hatua ngapi, daktari?"

"Elfu sita kwa siku. Za kuanzia."

Akatoka Bosi wa Mikate, mwenye bekari kubwa kuliko zote mjini, uso umemnywea kama andazi la juzi. Presha ilikuwa imempanda, magoti yalimlalamikia kila ngazi, na dawa aliitaka kwa moyo wote. Kutembea ndiko alikokuwa hakutaki.

"Shikamoo, mzee wangu," Mtelezo akamdaka mlangoni.

"Marahaba. Tunajuana?"

"Wakubwa hawatujui, sisi ndio tunawajua. Hebu niambie, mikate unaoka kwa mikono yako?"

"Nina waokaji."

"Gari unaendesha?"

"Nina dereva."

"Sasa kutembea ndiyo ukatembee mwenyewe? Heshima iko wapi?"

Bosi alisimama kufikiri. Hoja ilikuwa ya kipuuzi, lakini ilikuwa imevaa vizuri.

"Unataka nini?"

Mtelezo alilitarajia swali hilo. Nyuma ya bekari ililala pikipiki nyekundu iliyobeba mikate kabla Bosi hajanunua gari. Mtelezo aliiota usiku na mchana. Kwa mtu asiyependa kutembea, pikipiki si chombo, ni wokovu.

"Mwezi mmoja wa miguu yangu, kwa pikipiki yako iliyolala."

Wakapeana mikono. Kidude kikahama kifundo.

Msomaji mwenye moyo safi atadhani kijana alianza kutembea. Mungu amzidishie usafi. Mtelezo alikwenda moja kwa moja hadi ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha shangazi yake, fundi cherehani, ambako alikuwa akila na kulala bila kuulizwa sana. Akainama, akakifunga kidude kwenye kanyagio la cherehani, akajilaza juu ya marobota ya vitambaa.

"Wewe, umefunga nini hapo?" shangazi akauliza.

"Kinapunguza kelele, shangazi."

"Mbona kelele ziko palepale?"

"Kisingekuwepo ungezisikia."

Shangazi akamtazama kama anavyotazama suruali iliyorudishwa mara ya tatu, kisha akaendelea kukanyaga. Mwezi ule alikuwa na oda kubwa. Alikanyaga asubuhi, akakanyaga mchana, akakanyaga huku akiimba. Mtelezo alilala usingizi wa mwanariadha.

Siku ya kusomwa ikafika. Bosi akaingia kwa daktari, nyuma yake Mtelezo, "mpwa wangu anayenisindikiza." Nesi akachomeka kidude, akatazama kompyuta, akaifuta kwa kitambaa, akatazama tena.

"Daktari, Jumanne iliyopita huyu baba alitembea hatua elfu sitini na mbili."

"Nilijisikia vizuri," alisema Bosi.

"Kila siku unapumzika saa saba mpaka saa nane kamili," nesi aliendelea. "Jumapili hugusi hata hatua moja. Na mizani inasema umeongezeka kilo."

Daktari akavua miwani. "Hili ni jambo zito. Mwili unaotembea hivi ukaongezeka una tatizo tusilolijua. Ningeweza kupandisha dozi, lakini hesabu hizi zikiwa za uongo dawa itakutapisha mpaka ukome. Bora nikulaze siku tano, nikupime kila kitu. Chakula ni mboga za kuchemsha."

"Siku tano!" Bosi aliruka, na hiyo ndiyo ilikuwa hatua yake ya kwanza mwezi mzima. "Daktari, nisamehe! Miguu ni ya huyu!"

Macho yote yakamgeukia Mtelezo. Akakohoa kwa heshima. "Mimi ni mtu wa mazoezi."

"Mtu wa mazoezi," alisema nesi, "mbona kidude kimejaa uzi wa bluu? Uzi huu naujua. Ndio wa sare zetu mpya, zinashonwa hapo ng'ambo."

Shangazi akaitwa. Alikuja na tepu shingoni, akasikiliza kesi yote bila kupepesa macho, kisha akauliza maswali mawili tu.

"Aliahidiwa nini?"

"Pikipiki," Bosi akanong'ona.

"Na nani alikanyaga?"

Bosi, ambaye hakuwa mjinga mahali pengine popote, akatoa ufunguo mfukoni. "Ni yako, mama. Ila daktari anataka nianze upya, na safari hii nitembee mwenyewe, na mtu wa kunisukuma nikichoka. Niazime mpwa wako kila alfajiri."

"Niazime?" Shangazi alimtazama mpwa wake kuanzia nywele mpaka kandambili. "Mchukue. Mpaka upungue."

Bosi akamzunguka Mtelezo taratibu, akainama kuikagua ile miguu, kama anayenunua meza ya mtumba.

"Na kofia ngumu," shangazi akaongeza.

"Pikipiki haitoshi?"

"Na kofia ngumu."

"Haya, na kofia."

"Shangazi!" Mtelezo akalia. "Unaniuza? Mimi ni damu yako!"

"Ndiyo maana nimeomba na kofia," alisema shangazi, akauchukua ufunguo, akaenda kuulizia inavyowashwa.