Ileteni Hiyo Sheria Niifunde

Bibi Salma binti Abdallah,
Nyumba yenye alama ya X nyekundu,
Ukingoni mwa Ruvuma,
Mtwara.

Mheshimiwa Mbunge wetu, mwanangu Athumani,

YAH: KUIREJESHA UNYAGONI SHERIA YA MIPANGO YA UKANDA WA MPAKA

Assalaam aleikum. Sisi wazima, hofu ni juu yako, maana redioni nimekusikia unakohoa. Kunywa tangawizi. Mimi sikusoma, anayeandika ni jirani yangu Mwalimu Doris, mtu wa bara lakini ana moyo. Maneno yangu, nukta zake. Alitaka kuandika "naomba kwa unyenyekevu." Nimemwachia, ila wewe ujue nadai.

Unanijua. Ndiye mimi nyakanga wa huku, nawafunda wasichana. Wakati wa kampeni ulikula ming'oko niliyoichimba porini nikaichemsha, ukataka na ya kubeba. Sasa ndani kwangu yumo mwali, mjukuu wangu Nuru, yuko likizo ya shule, binti wa mwanangu Mwanaidi aliyeolewa ng'ambo, Msumbiji. Anatoka mwezi ukiandama. Na ukutani watu wa mipango wamenichorea X: nyumba ibomolewe kabla ya mwezi huo, kwa sheria mliyoipitisha nyie. Mwali hatolewi hajaiva, Athumani. Basi sikia malalamiko yangu.

1. Mmeipitisha mbiombio. Nasikia iliingia bungeni kwa hati ya dharura, ikasomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu baina ya chai na alasiri. Mimi dharura nazijua: uchungu wa mzazi, moto, na mamba. Yenu ilikuwa ipi? Nikamuuliza Doris, mbona wanaitika "ndiyooo" mwenzao hajamaliza kusema? Akasema, "Bibi, hiyo ndiyo kura." Kwangu mwali akiitika hivyo namfinya.

2. Maoni ya sisi watu wa mtoni yalikusanywa ukumbini Mtwara mjini, Magomeni, ambako mto wao ni mfereji. Aliyesema kwa niaba yetu alitoka Likombe, hukohuko mjini, Ruvuma kauona kwenye kalenda. Alishukuru kwa soda.

3. Mnasema sheria ni ya ushirikiano wa nchi mbili. Vizuri! Mwanaidi akijifungua, navuka mimi. Nikiugua, anavuka yeye na kuku mkononi. Maiti wa huku huchimbiwa kaburi na watu wa kule. Sasa nyumba zetu ziondoke ili kijengwe Kituo cha Ujirani Mwema, chenye uzio. Yaani majirani tuhame, ujirani upate pa kuegesha magari.

4. Ng'ambo nako hawana habari. Mkwe wangu Bakari kasema, "Mama, huku tumeambiwa ni mradi wenu." Sisi tumeambiwa ni wao. Huo ndio ushirikiano pekee niliouona humo.

Dawa ninayo. Ileteni sheria hiyo niiweke ndani. Ikae kimya kwanza, isikilize. Ijifunze kubisha hodi kabla ya kuingia nyumba ya watu. Tutaisoma kifungu leo, kifungu kesho, na kifungu kisichojua kujibu kitalala njaa. Nyakanga mwenzangu wa ng'ambo atavuka tuifunde pamoja kwa Kimakonde, lugha isiyodaiwa pasipoti.

Na kwa kuwa sheria haina miguu, waje na waliosema ndiyo. Wote! Mtasema unyago ni wa wasichana. Jandoni mlikwishapita, na matokeo tumeyaona. Mikeka ipo, mingine tutaazima Mikindani. Kila mheshimiwa aje na unga wake na kuku wa nyakanga; simu zikae kwa Doris. Asiyeweza kueleza alichopitisha hatoki, hata uchaguzi umkute humo. Wakiiva tutawapaka mafuta na kuwavisha kanga mpya, ngoma zilie kingo zote mbili, wake zao waje kuwapokea kwa vigelegele. Nawapenda, ndiyo maana nawafinya.

Usidhani nina pupa kama nyie. Barua hii nimesomewa yote, nikamrekebisha Doris, nikasomewa tena, ndipo nikatia dole gumba. Mimi siwekei dole kitu nisichokisikia mpaka mwisho.

Msalimie mkeo, watoto, na yule mwenzako wa kiti cha nyuma anayesinzia; mwambie namwombea usingizi wa nyumbani kwake. Nuru angekusalimia, lakini mwali hapayuki na watu wa nje.

Ni mimi bibi yako, nisiyekuogopa,
Salma binti Abdallah
(dole gumba)

Baada ya salamu: Athumani, mambo yamebadilika. Wameleta katapila, liko kwa jirani. Chomeka kifungu kimoja tu: nyumba yenye mwali haiguswi. Kipelekeni kwa hati hiyohiyo ya dharura, kesho, kabla ya chai. Msikisome, wenye maswali watatuchelewesha. Semeni ndiyooo, basi. Doris amekwisha kukiandika nyuma ya karatasi hii, na dole nimetia. Alitaka anisomee kwanza. Nimemwambia tutasoma baadaye, mwanangu, katapila limeshawashwa.