Siku Niliyowafundisha Kina Mama wa Kabati Habari za Wingu

Leo nimejianika. Kanisani. Kwenye ukuta mweupe, saa tano asubuhi, mbele ya kina mama zaidi ya thelathini, na aliyeshika waya ni mimi mwenyewe. Wacha niwaambie kabla hamjasikia kwingine, maana hapa Kitui maneno hufika nyumbani kabla ya mwenyewe.

Mnanijua. Niko na kibanda changu pale Kwa Vonza, natengeneza simu, nachapisha barua, napiga picha za pasipoti. Miaka sita nimemwoa Mwende, na miaka hiyo sita mama yake ananiita "yule wa simu". Si kwa ubaya. Aliwahi kumuuliza Mwende, "Akimaliza kucheza na hizo simu, huwa anaenda kazini saa ngapi?" Iliniuma. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hivyo wiki jana Mwende aliponiambia kwamba mama yake, ambaye ni mwenyekiti wa kina mama kanisani kwao Kabati, anataka niende niwafundishe mambo ya kuhifadhi vitu kwenye wingu la mtandao, nilikaribia kulia. Ati aliwaambia wenzake, "Mkwe wangu anayajua hayo." Mkwe wangu! Nikasema hii ndiyo siku. Nikimaliza hapo, mama mkwe ataniita mwalimu hata asipotaka.

Sasa, neno moja kwa wale ambao si Wakamba. Kwetu kuna nthoni. Mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana mpaka wanaogopana. Hamketi pamoja, hamtaniani, hampeani mkono, na ya kuambiana mnaambiana kupitia mtu mwingine hata kama mko chumba kimoja. Vijana wengi wameiacha siku hizi. Mama mkwe wangu hajaiacha, na si mimi nitakayemwambia aiache.

Hiyo nthoni ndiyo iliyoniponza. Mwezi wa nne tulimnunulia mama simu nzuri, ikapitia kwangu niiwashe. Kuiwasha, inataka akaunti. Jina, paswodi, siku ya kuzaliwa. Nitamuuliza vipi mama mkwe alizaliwa lini? (Jaribu wewe kwanza, halafu uje uniambie.) Nikaweka akaunti yangu. Kwa muda tu, nikasema, nitabadilisha. Fundi yeyote akikwambia "kwa muda tu", chukua simu yako ukimbie.

Tangu hapo kukawa na vijimambo ambavyo sikuvitilia maanani. Picha za kuku zikaanza kutokea kwenye simu yangu. Kuku, kidole, kuku, kidole, kuku kwa mbali. Nikamlaumu mwanangu Mumo, ana miaka minne, nikamnyima simu. Halafu mwezi uliopita mama mkwe akatuma mzigo kwa mkono wa Mwende: ndengu, maembe, na boksa tatu za kiume, mpya, bado ziko kwenye karatasi. "Amesema alizipata kwa bei nzuri sokoni," Mwende akaniambia. Nikashukuru, nikavaa.

Na kuna jambo lingine, nalitoa kwa sababu hata nikilificha sasa haina maana. Daktari aliniambia nipunguze tumbo. Kwa hivyo kila Jumamosi asubuhi nasimama mbele ya kioo na boksa peke yake, napiga picha tatu: mbele, ubavuni, na moja nikiwa nimevuta tumbo ndani. (Hiyo ya tatu ni ya kujipa moyo.) Hata leo nilipiga kabla ya kutoka. Ni siri yangu na kioo.

Saa nne nikawa Kabati. Shati nimepiga pasi, projekta nimeazima kwa rafiki, spika za kanisa nimeunganisha. Kina mama wamejaa viti vya mbele. Mwende kakaa nyuma. Mama mkwe naye kakaa pembeni kabisa, uso kwenye dirisha, mimi uso kwenye ukuta, nthoni imetulia. Katikati yetu ameketi Mama Kasyoka, rafiki yake mkubwa, mwanamke wa sauti na maswali.

Nikaanza. Na nawaambia, nilifundisha! "Kina mama, hili wingu haliko angani. Ni ghala la mtu mwingine, kubwa, liko mbali. Wewe unapeleka gunia lako la ndengu, yaani picha zako, barua zako, nambari zako za simu. Anakuhifadhia. Wewe unabaki na ufunguo, ndiyo paswodi. Simu ikianguka chooni leo, ndengu zako bado ziko."

"Ni afadhali liwe ghala," akasema Mama Kasyoka. "Kwa sababu mawingu ya huku tunayajua. Yanakuja, tunapanda, yanaenda kunyesha kwa wengine."

Wakacheka, nikacheka. Nikaona hata bega la mama mkwe limetikisika kidogo. Mambo yanaenda!

Nikaendelea. Ghala ni moja lakini milango ni mingi. Ukifungua na simu, ni ndengu zile zile. Ukifungua na kompyuta, zile zile. Na muwe waangalifu, nikawaambia, ukifuta picha upande mmoja mara nyingi imefutika kote, kwa sababu gunia ni moja. Wakarudia pamoja: "Gunia ni moja!"

Mama Kasyoka akainua mkono. "Na watu wawili wakiwa na ufunguo mmoja?"

"Hao sasa wanakula ndengu kwenye sahani moja," nikasema. "Huyu anaona ya yule, yule anaona ya huyu. Lakini mama, ni mjinga gani atafanya hivyo?"

Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu hiki.

Halafu nikataka kuonyesha mfano. Ningeweza kutumia simu yangu. Lakini kichwa kikaniambia, tumia ya mwenyekiti, umheshimishe mbele ya watu. Nikatangaza, "Sasa tutaomba simu ya mama mwenyekiti."

Mama mkwe akashtuka. Akamnong'oneza Mama Kasyoka. Mama Kasyoka akanigeukia. "Anasema utumie simu nyingine."

"Mwambie asiogope, ni mfano tu."

Kunong'ona. "Anasema yake haina chaji."

"Mwambie nimekuja na chaja!"

Kunong'ona tena, kwa muda mrefu. "Anasema, Baba Mumo, kwa heshima zote, hiyo simu uiache."

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikadhani ni aibu ya mtu mzima na teknolojia, nikatabasamu kama mhubiri. "Kina mama, kwenye wingu msafi hana la kuficha!" Wakapiga makofi. Makofi ni kitu kibaya sana. Simu ikapitishwa mkono kwa mkono hadi kwangu, na mama mkwe akavuta leso yake mpaka machoni.

Nikachomeka waya, nikafungua picha.

Kuku. Kidole. Kuku kwa mbali.

Nikasimama. Huyu kuku namjua. Nikajiuliza, kwani Mumo alichezea hata hii simu? Alifikaje Kabati? Na kabla akili haijamaliza kutembea, kidole changu kikashuka chini kidogo.

Woi!

Nilikuwa hapo ukutani. Futi nane kwenda juu. Boksa na tumbo.

"Huyu hana shati ni nani?" akauliza mama mmoja kwa huruma. "Ni mgonjwa?"

"Labda ni tangazo la dawa," mwingine akajibu. "Hiyo ni kabla hajameza."

Nikabonyeza nitoke. Nikabonyeza vibaya. Simu ikafungua ule mkusanyiko ambao inajitengenezea yenyewe bila kuombwa, eti kumbukumbu zako, na muziki wa kinanda juu. Nikaanza kupita polepole. Mbele. Ubavuni. Nimevuta ndani. Mbele. Ubavuni. Boksa ya zamani yenye shimo. Boksa ya zamani yenye shimo, sasa kwa ubavu. Halafu boksa mpya. Hapo ndipo nilipoelewa zile boksa zilitoka wapi, na nikatamani sakafu ya kanisa ipasuke.

Nikakimbia nikasimama mbele ya projekta kuziba. Sasa tumbo likawa juu ya tumbo. Mama Kasyoka akapiga kelele, "Ni yeye! Linaingiana kabisa!"

Mnafikiri iliishia hapo? Ikaja video. Aliyeipiga ni Mwende kwa simu yangu, mezani kwetu, usiku mmoja wa mchezo. Mimi nimejifunga leso kichwani, nimeshika mwiko, naigiza mama mkwe akiombea chakula. Na sauti, kumbukeni, ilikuwa kwenye spika za kanisa.

"Ee Baba, tunakushukuru kwa huu ugali. Na aliyeusonga. Na aliyesaga unga. Na mwenye mashine ya kusaga. Na fundi wa mashine. Na mama yake huyo fundi..." Kisha sauti ya Mwende ikicheka, "Ugali umepoa!" Na yangu ikijibu, "Amina iko njiani, imefika Mwingi!"

Nikatazama nyuma Mwende aniokoe. Alikuwa ameinama kati ya viti, anacheka hadi analia. (Mke wa ndoa!) Nikashika simu nianze kufuta kila kitu, na darasa zima likasimama kwa pamoja: "Usifute! Gunia ni moja!" Angalau walikuwa wameelewa. Nikang'oa waya.

Niliona miaka yangu sita inateremka na mtaro. Sikuwa tena hata yule wa simu, nilikuwa yule wa boksa. Nilitamani kulia kweli, siwadanganyi.

Mama mkwe akamnong'oneza Mama Kasyoka. Mama Kasyoka, machozi ya kicheko yakimtoka, akasema, "Anasema Baba Mumo aketi. Na anasema yeye alidhani simu zote huja hivyo. Na hata kama angejua, angemwambia nani? Angeanzaje kumwambia Mwende kwamba amemwona mumewe bila nguo? Nthoni ilimfunga mdomo. Miezi yote hii amekuwa akifumba macho kila Jumamosi."

Kisha mama mwenyewe akasimama. "Tufunge kwa maombi," akasema. Tukainama. Na hapo nikagundua jambo: nthoni inamzuia kusema na mimi, lakini haimzuii kusema na Mungu nikiwa nasikia.

"Ee Baba," akaanza taratibu, "tunakushukuru kwa siku hii. Na kwa mkwe wangu. Na kwa aliyetengeneza simu. Na fundi wa simu." Akaweka leso yake sawa. "Na mama yake huyo fundi."

Kanisa zima liliangua kicheko. Mama mmoja alitoka nje kwenda kupumua. Yeye hakucheka hata kidogo, aliendelea tu, macho amefumba.

"Kazi uliyoianza kwenye tumbo lake, Baba, usiiache katikati. Ile Jumamosi moja ambayo hakupiga picha, niliogopa ni mgonjwa, nikakuomba. Asante kwamba alikuwa mzima. Asante kwa zile boksa, kwa sababu wewe huonyesha watu wako mahitaji. Msamehe na mwiko wake. Najua maombi yangu ni marefu, lakini hata yeye nimemwombea humo humo. Sasa, Baba, mtoe kwenye simu yangu kwa amani. Amina."

"Amina!" kina mama wakaitika, na nadhani walisikika hadi Kwa Vonza.

Baadaye nilikaa kwenye ngazi za nje na ile simu, nikitoa akaunti yangu. Nikatenganisha kuku wake na matumbo yangu, picha moja moja. Kumfungulia akaunti yake, simu ikauliza lile swali langu la mwezi wa nne: siku ya kuzaliwa. Nikamwangalia Mama Kasyoka. Akaenda, akakaa huko kidogo, akarudi na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Ndani kulikuwa na tarehe na neno la siri alilojichagulia. Juu yake, kwa mwandiko wa mtu aliyeshika kalamu kwa nguvu, aliandika: "Kwa Mwalimu."

Nimekiweka kwenye kava ya simu yangu. Kina mama wameshasema nirudi Jumamosi ijayo kwa somo la pili, na kwamba nije nimevaa. Mumo nimemwomba msamaha kwa mambo ya kuku, amekubali kwa pakiti mbili za biskuti.

Na wewe unayecheka hapo, kabla hujaendelea, nenda uangalie simu ya mama mkwe wako iko na akaunti ya nani.